Kiboko Kikiondolewa

Kosa langu lilikuwa la silabi moja, na nusura liwarudishie fimbo wanafunzi wote wa shule yetu wanaochelewa. Naliandika mwenyewe kwa sababu wenzangu wamelisimulia vibaya. Kwa masimulizi yao, nilisimama mbele ya wazazi kama mbunge. Mimi nilikuwepo, nakumbuka vizuri: nilisimama kama mtu aliyekalia siafu.

Mambo yalianza na inzi.

Mwanzoni mwa mwaka, tulipoingia kidato cha tatu, tuliletewa mwalimu mpya wa baiolojia kutoka Bukoba. Ni dada mwembamba anayeongea haraka kama anayefukuzwa. Siku ya kwanza aliweka mezani chupa ya maji iliyokatwa shingo, ndani ina ndizi mbivu iliyopondwa, juu imefungwa kitambaa. Tukasogea kuchungulia, tukaanza kucheka.

"Mnacheka nini?"

"Mwalimu, si ni vidudu vya rubisi hivyo?" akasema mwenzangu, yule ninayekaa naye dawati moja. Yeye huongea kwa niaba yetu sote wawili, na sijawahi kumlalamikia.

Kwetu Karagwe hakuna asiyevijua. Popote ndizi ilipoiva kupita kiasi, au pombe yake ya rubisi inapochachuka, vipo. Babu yangu huvitoa kwenye kibuyu kwa kidole, anavipangusa kwenye suruali, anaendelea kunywa. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kufikiri kwamba kuna watu wanapanda ndege kwenda kuvisomea. Nilipomsimulia mama jioni ile, aliacha kumenya ndizi.

"Huyo mwalimu wenu anasomea vidudu vya rubisi?"

"Ndiyo, mama."

"Na kwao wanajua?"

Lakini mwalimu alikuwa na picha kwenye kompyuta yake, na picha ile ilitunyamazisha. Ilikuwa ya inzi mmoja aliyekuzwa mpaka akaenea kioo kizima. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko alivyostahili, na ngozi ya nyuma ya kichwa imejikunja mikunjo mikunjo, kama blanketi lililosukumwa pembeni mwa kitanda.

"Huyu hakuambukizwa ugonjwa," alisema. "Kuna ujumbe haukufika."

Akatueleza hivi. Kichwa cha inzi, au bawa lake, huanza kama kikundi kidogo cha seli ndani ya funza. Seli hizo hupelekeana ujumbe muda wote: gawanyika, ngoja, inatosha, wewe umeharibika, jiue. Kila ujumbe una njia yake. Unapokewa mlangoni mwa seli, unapitishwa mkono kwa mkono mpaka ndani kwenye jeni. Ipo njia ya kusema kua, na ipo njia ya kusema basi. Kwa inzi wa pichani, njia ya basi ilikuwa imekatika. Seli zake hazikujua pa kukomea, na zile zilizopaswa kufa hazikufa.

"Sasa sikilizeni penye utamu," alisema, na hapo akaongea haraka zaidi. "Njia hizi haziishi kila moja kivyake. Zinaingiliana. Njia ya basi ikikatika peke yake, tishu inavimba. Ujumbe wa kua ukikwama wazi peke yake, tishu inavimba kiasi. Vikitokea vyote viwili kwenye seli zilezile, uvimbe haujumlishwi, unazidishwa. Na kuna ujumbe wa tatu, ule unaotumwa kuimaliza seli mbovu. Ukiikuta seli ambayo ujumbe wa kua umekwama, unageuka. Badala ya kuiua, unaisukuma ikue."

"Kama mgambo aliyetumwa kumkamata mlevi, akakaa naye wakanywa?" aliuliza mwenzangu.

"Hasa! Ujumbe ni uleule. Shida ni umemkuta nani."

Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari na kuipigia mstari. Sikujua kwamba nilikuwa napigia mstari balaa langu.

Kwa maana njia hiyo ya kusema basi ina jina. Watu wanaosomea inzi wana tabia ya kuipa jeni jina la kile kinachotokea ikiharibika. Kwa sababu ya mikunjo ile ya shingoni, jeni hii waliipa jina la mnyama wa mtoni mwenye shingo kama hiyo. Kwa Kiingereza jina hilo halina ugomvi na mtu. Kwa Kiswahili ni kiboko.

Hapa lazima nimtaje mwalimu wa nidhamu. Yeye anatoka pwani na anatufundisha Kiswahili, na hakuna wiki inayopita bila kutukumbusha yote mawili. "Nyie watu wa huku," husema, "Kiswahili mnakipasua kama kuni." Tena anasema kweli. Nyumbani tunaongea Kinyambo, na Kinyambo hakibagui: neno likianza kwa ki, basi kila kitu kinafuata ki, awe mnyama, kiwe kisu. Ndiyo maana utamsikia mtu mzima na heshima zake akisema kifaranga kimekufa na kijana kimeoa. Mwalimu wa nidhamu alikuwa akishughulikia makosa kama hayo kwa kalamu nyekundu, na mengine yote kwa fimbo, ambayo yeye huiita kiboko. Hasa kuchelewa. Alisimama getini kila asubuhi, mkono mmoja na saa, mkono mwingine na kiboko, na anayechelewa alinyoosha viganja.

Mimi ni mchelewaji. Kwetu ni Kituntu, ndani kabisa, na kabla ya kuondoka nachota maji na kukata majani ya ng'ombe. Mvua ikinyesha, njia inakuwa kama sabuni. Sikuwahi kuwa na sababu ambayo getini ilikubalika.

Kisha muhula wa pili binti mmoja wa kidato cha pili alishindwa kushika kalamu siku ya mtihani kwa viganja vilivyovimba, baba yake akaja shuleni kwa sauti kubwa, na mkuu wa shule akasimamisha fimbo za wachelewaji. Kwa majaribio, alisema. Kikao cha wazazi ndicho kitakachoamua zibaki zimesimama au zirudi. Na kikao kilipangwa siku ya mahafali ya kidato cha nne, ili wazazi wapatikane, kwa sababu wazazi huja penye pilau.

Sitajifanya kwamba nilikuwa nawaza haki za watoto wote. Nilikuwa nawaza viganja vyangu viwili.

Siku ya mahafali huwa kuna maonyesho ya masomo. Mwalimu wa baiolojia aliamua kuonyesha inzi wake, akanipa karatasi kubwa ya manila na kalamu za rangi. "Wewe una mwandiko mzuri na huongei sana," alisema. "Andika maelezo kwa Kiswahili, wazazi waelewe. Mwenzako ataongea."

Nilifanya kazi hiyo siku mbili. Nilipofika kwenye kiboko nikasimama. Nilijua kabisa kwamba mnyama huchukua a: kiboko amelala, kiboko anakula. Lakini nikajiuliza, kwani huyu ni mnyama? Huyu si mnyama. Ni jeni. Ni kitu. Jeni hailali wala haili. Nikajiona nina akili kuliko vitabu, nikaandika kwa herufi nyekundu za kushiba:

KIBOKO KIKIWEPO, KILA KIUNGO HUKAA MAHALI PAKE.

KIBOKO KIKIONDOLEWA, UKUAJI HUKOSA MIPAKA.

UJUMBE WA KUA UKIKUTANA NA UKOSEFU WA KIBOKO, MADHARA HUZIDI MARADUFU.

Mwalimu wa baiolojia aliisoma akasema nzuri. Kiswahili chake nacho ni cha huku.

Asubuhi ya mahafali tulibandika manila kwenye ukuta wa maabara, chini yake tukapanga chupa za inzi. Wazazi walipita. Walisimama kwenye chupa, wakavitambua vidudu, wakaulizana kama tunatengeneza pombe. Kisha akaja mwalimu wa nidhamu, mikono nyuma, mdomo umekazwa tayari kwa kalamu nyekundu. Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Wa tatu aliusoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesomewa wosia na kukuta ameachiwa nyumba.

"Nani kaandika?"

Mwenzangu akanionyesha kidole. Siku hiyo ndiyo nilitamani angekuwa bubu.

"Shikamoo mwalimu," nikasema.

"Marahaba! Marahaba, mwanangu!" Hajawahi kuniita mwanangu. "Hii mmeitoa wapi?"

"Ni utafiti, mwalimu," akadakia mwenzangu. "Wamegundua wanasayansi."

"Wanasayansi!" Akaibandua manila ukutani, akaikunja kama ramani ya vita.

"Mwalimu, hiyo ni ya maonyesho."

"Itaonyeshwa," alisema, akaondoka nayo.

Tukabaki tunatazama ukuta mtupu. Mwenzangu alielewa kabla yangu. Alishika kichwa. "Wewe! Umeandika nini wewe? Umeandika kikiondolewa! Anadhani ni fimbo!"

Nilikimbia kumtafuta mwalimu wa baiolojia, nikamkuta karibu na jukwaa anawapanga wanakwaya. Nilimweleza kwa pumzi moja. Alibadilika rangi. Akaangalia meza kuu, walipokaa mkuu wa shule, mwenyekiti wa wazazi na mgeni rasmi. "Nitamwambia baada ya kikao," alisema.

"Baada ya kikao watakuwa wameshapitisha, mwalimu."

"Mimi mgeni hapa," alisema kwa sauti ndogo.

Yaani mtu anayejua namna ujumbe unavyotoka seli hadi seli, mlango hadi mlango, mpaka ndani kwenye jeni, alishindwa kuufikisha wa kwake hatua ishirini mpaka meza kuu. Sikumlaumu kwa muda mrefu. Na mimi nilikuwa na miguu, na hatua zilikuwa zilezile ishirini.

Kikao kilianza chini ya turubai. Mwenyekiti wa wazazi ni mnunuzi wa kahawa, mtu wa haraka, na tayari harufu ya pilau ilikuwa inamwita. Alisema ajenda ni moja, adhabu kwa wachelewaji, na akampa nafasi mwalimu wa nidhamu.

Mwalimu wa nidhamu alisimama na kukunjua manila yangu. Wanafunzi wawili wakaitwa kuishika ncha.

"Ndugu wazazi," alianza, "kuna wanaosema mimi napiga kwa hasira. Mimi leo sitasema neno langu. Itasema sayansi." Akausoma mstari wa kwanza. Wazazi wakatikisa vichwa kukubali. Akausoma wa pili. Mzee mmoja akasema kweli kabisa. Akausoma wa tatu, na hapo wakapiga makofi, na nikaona jambo ambalo sitalisahau: hakuna aliyeuliza sayansi hiyo ilikuwa inaongelea nini. Mwalimu alisema kiboko. Wazazi wakakumbuka viboko vyao vya zamani, ambavyo kadiri wanavyozeeka vinazidi kuwafaidisha. Mkuu wa shule, ambaye alijua kulikuwa na inzi mahali fulani, alinyamaza. Na kunyamaza kwake kulipokutana na makofi yao, makofi yaliongezeka.

"Aliyeandika ni mtoto wenu," akasema mwalimu wa nidhamu. "Tena mchelewaji! Yeye mwenyewe amekiri. Njoo hapa, mwanangu, uwaambie wazazi."

Sijui nilifikaje mbele. Naikumbuka kanga ya mama katikati ya wanawake wa Kituntu, na naukumbuka mdomo wake ukiwa wazi.

"Umeandika wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Sema sasa. Sayansi inasema kiboko kikiondolewa inakuwaje?"

Nilikuwa na maelezo yote kichwani, njia ya kua na njia ya basi, picha ya inzi, mikunjo ya shingo. Kilichotoka kilikuwa kidogo.

"Ni akiondolewa, mwalimu."

"Unasemaje?"

"Si kikiondolewa. Ni akiondolewa. Ngeli ya A-WA. Nimekosea. Ni kiboko wa mtoni."

Walimu wa meza kuu wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amesoma mistari yote mitatu mbele ya umma na ngeli haikumwashia taa. Sikuwa na nia ya kumwaibisha. Labda kidogo tu.

"Kiboko wa mtoni," alisema polepole, "anafanya nini kwenye chupa za inzi?"

Turubai zima likalipuka kwa kicheko. Walikuwa wananicheka mimi. Ningepewa nafasi ya kuchagua kati ya hapo na fimbo kumi getini, ningenyoosha viganja papo hapo.

Ndipo akasimama mzazi mmoja kutoka Kyerwa, anayelima kando ya mto Kagera. Ni mzee mfupi mwenye koti la mvua. Mwanawe yuko kidato cha pili, amepangishwa chumba karibu na shule.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "mimi kiboko kimenishinda."

"Endelea, mzee wangu," akasema mwenyekiti. "Kimekushindaje? Kiwe kikali zaidi?"

"Kikali hicho hicho kinatosha! Kimekuja shambani, kimekula mahindi, kimelalia viazi. Nikapiga debe kikimbie. Kimenitazama tu."

"Mzee, tunaongelea kiboko cha shule."

"Na shuleni kimefika?" akauliza mama mmoja wa upande uleule wa mtoni, akasimama na yeye. "Jamani, watoto wetu!"

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema basi. Kila mzazi wa kando ya mto alikuwa na kiboko chake: kimoja kilifukuza watu wa harusi, kingine kimezoea njia ya kisimani, kingine kina watoto. Wote walikiita ki, na kila mwenyekiti alipotaka kuwarudisha kwenye ajenda kwa kusema kiboko, aliwasha mwingine. Mgeni rasmi aliangalia saa. Wapishi walikuwa wamefunua masufuria.

Mwenyekiti akapiga meza. "Tupige kura tumalize! Wanaotaka kiboko kirudi, nyoosheni mikono!"

"Kisirudi!" likanguruma turubai upande wa Kyerwa. "Kisirudi kabisa! Kibaki hukohuko!"

Mikono mingine ilipanda, ya wale wa makofi, lakini ilipanda kwa wasiwasi, kwa sababu sasa hakuna aliyekuwa na hakika anapigia kura fimbo au mnyama. Mama yangu hakunyoosha. Mwenyekiti alitazama masufuria kuliko alivyotazama mikono, akasema wengi wamekataa, kikao kimefungwa.

Nilimkuta yule mzee wa koti kwenye foleni ya chakula. Nikamwamkia, nikataka kumweleza, kwa heshima, kwamba hakuelewa kilichokuwa kinapigiwa kura.

"Marahaba," alisema. Akanitazama kama yule mnyama alivyomtazama na debe lake. "Wewe mtoto, unadhani mimi sijui kiboko? Nimesoma shule ya misheni. Migongo yetu inakijua kuliko mwalimu wako." Akasogeza sahani mbele. "Na kijana wangu huchelewa."

"Lakini mahindi..."

"Mahindi kimekula kweli," alisema.

Nilipofika nyumbani, mama aliuliza tu kama ni kweli vile vidudu vya rubisi vikivimba kichwa vinafanana na kiboko. Nikamwambia ndiyo. Akasema babu aambiwe apunguze kunywa.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri na nikachelewa, kama kawaida. Mwalimu wa nidhamu alikuwa getini chini ya mwavuli alioubana begani. Mkono wenye saa ulikuwa na saa. Mkono mwingine ulikuwa na daftari jipya la mistari.

"Andika sababu yako," alisema bila kunitazama. "Sentensi kamili. Kiswahili fasaha."

Nikaandika kwamba njia ilikuwa na utelezi na ng'ombe alikuwa hajapata majani. Alisoma, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akatia mkato mahali nilipouruka, akanirudishia daftari.

"Isafishe. Uandike upya."

Mvua ilikuwa inaingia kwenye kola. Nyuma yangu walikuwa wanne wengine wanangoja zamu, na mmoja wao ameshaanza kunung'unika kwamba bora viboko vya zamani, vilikuwa vinaisha haraka. Nikaandika upya sentensi nzima, nikiwa nimesimama, kwa viganja vikavu nilivyovificha ndani ya mikono ya sweta, na mwandiko ukatoka mzuri.